Askari na Mama: Majina ya Wanawake katika Makanisa Huru ya Magharibi mwa Kenya

1. Utangulizi

Maandishi juu ya makanisa yaliyojitenga na misheni katika Afrika ya Mashariki si haba. F. B. Welbourn alichapisha East African Rebels mwaka 1961. Mwaka 1966, akishirikiana na B. A. Ogot, alitoa A Place to Feel at Home, kitabu kinachochunguza makanisa mawili ya magharibi mwa Kenya. Miaka miwili baadaye David Barrett akatoa Schism and Renewal in Africa, kazi iliyojaribu kuzipima harakati elfu sita za bara zima kwa mizani moja. Katika kazi hizo mwanamke hakusahauliwa. Welbourn alimpa nafasi Mabel Ensor, mmisionari wa Kiingereza aliyeiacha CMS huko Buganda na kuanzisha Mengo Gospel Church. Barrett naye alikiri kwamba kuvurugwa kwa hali ya mwanamke na ya ndoa ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu waihame misheni. Kwa hiyo mhakiki anayelalamika kuwa wanawake hawakutajwa atakuwa hakusoma vizuri. Walitajwa. Jambo la kuuliza ni hili: walitajwa kwa maneno gani, na maneno hayo yalifanya kazi gani?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuangalia makanisa matatu ya magharibi mwa Kenya, yaani makanisa ya Roho yanayomkumbuka Alfayo Odongo Mango, Legio Maria, na African Israel Church Nineveh. Hoja yake ni kwamba yako makundi mawili ya majina. Kundi la kwanza ni la majina ya kazi: askari, daktari, nabii, mjumbe. Kundi la pili ni la majina ya nyumbani, na kichwa chake ni Mama. Harakati inapokuwa changa, mwanamke huitwa kwa jina la kazi anayoifanya. Inapokwisha kupata katiba, ngazi za vyeo na cheti cha serikali, huitwa Mama. Mtaalamu anayefika katika kipindi cha pili hulikuta jina hilo limekwisha kukaa, naye hulirudisha nyuma hadi siku za mwanzo kana kwamba ndilo lililokuwako tangu hapo. Hivyo ndivyo mwanzilishi anavyogeuka kuwa mfuasi, bila ya mtu yeyote kusema uongo.

2. Kujitenga na kutengwa

Yafaa kuanza na neno lenyewe linalozitaja harakati hizi. Jina la kitabu cha Welbourn linawaita watu hawa waasi; la Barrett linataja mfarakano. Kiswahili kimechagua kujitenga. Kwa sura ya kwanza neno la Kiswahili lina upole zaidi, kwani halimhukumu mtu kuwa mkosaji. Hata hivyo lina dhana yake iliyofichika katika kiambishi -ji-. Mwenye kujitenga ni mtendaji na mtendwa kwa pamoja: alikuwa mahali fulani, akajiondoa mahali hapo kwa hiari yake. Mwenye kujitenga lazima kwanza awe alikuwa na mahali.

Dhana hiyo inamfaa shemasi aliyegombana na askofu wake, au katekista aliyemkataa padri. Watu hao walikuwa na kiti, na walipoondoka kiti kilibaki wazi, na barua zikaandikwa kueleza kwa nini ki wazi. Kwa sababu hiyo waliingia katika kumbukumbu za maandishi. Mwanamke wa kanisa la misheni katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hakuwa padri wala mchungaji, na ni mara chache alipata sauti katika halmashauri. Aliyekuwa mke wa mitala aliweza kungoja nje ya meza ya Bwana miaka mingi, kwa sababu ya ndoa ambayo si yeye aliyeipanga. Katika Kiswahili cha kanisa hali hiyo ina jina lake: kutengwa. Mtu aliyezuiwa sakramenti ametengwa. Mzizi ni uleule, -tenga, lakini kiambishi cha kujirejea hakipo, na pahali pake pamekaa alama ya kutendwa.

Tofauti hii si ya sarufi tu. Ikiwa historia ya makanisa huru ni historia ya waliojitenga, basi itaanza siku kiongozi mwanamume alipotoka, na wanawake wataonekana wakimfuata mlangoni. Ikiwa ni historia ya waliotengwa, itaanza zamani zaidi, na huenda ikaonekana kwamba wanawake walikuwa wamekwisha kusimama nje siku nyingi wakati kiongozi huyo alipotoka akawakuta. Mwandishi anayetumia neno moja bila ya kulikumbuka la pili amekwisha kuchagua nani awe wa kwanza, kabla hajaandika tarehe hata moja.

3. Askari wa Roho

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa makanisa ya Roho. Harakati hii ilianza miongoni mwa Waluo wa Kianglikana mapema katika karne ya 20. Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wake mashuhuri. Mnamo Januari 1934 aliuawa nyumbani kwake Musanda, pamoja na Lawi Obonyo na wafuasi wengine, katika machafuko yaliyochanganya dini na ugomvi wa ardhi baina ya Waluo na Wawanga. Nyumba yake ilichomwa moto. Ukiandika habari hii kwa mtindo wa kawaida, hadithi inajiandika yenyewe: mwanzilishi, shahidi, wafuasi, kanisa.

Cynthia Hoehler-Fatton, katika Women of Fire and Spirit (1996), hakuridhika na mtindo huo. Alikwenda kwa wanawake wazee wa makanisa hayo na kuzisikiliza simulizi zao. Aliyoyapata yanatofautiana na historia iliyozoeleka, iliyotungwa zaidi na viongozi wanaume. Katika simulizi za wanawake, kifo cha Mango si kilele cha habari. Kilele ni yale yaliyofuata: wanawake waliotoka kwa miguu wakapita vijiji vya Nyanza wakihubiri, wakiombea wagonjwa, na kuanzisha vikundi vya waumini pale ambapo havikuwako. Bila ya safari hizo Roho ingebaki kuwa kisa cha kijiji kimoja kilichochomwa moto. Kwa lugha nyingine, mtu mmoja alikufa kwa ajili ya harakati, na watu wengine waliifanya iwe kanisa.

Linalomhusu zaidi mwanaisimu ni majina waliyoitwa wanawake hao. Waliitwa askeche, na wengine laktar. Neno la kwanza ni wingi wa Dholuo wa neno la Kiswahili askari. La pili ni ndugu wa daktari. Hapana budi kuyatafakari maneno haya mawili katika wakati wake. Mnamo miaka ya 1930 askari hakuwa mtu wa kuvutia machoni pa mwanakijiji. Alikuwa mkono wa serikali: ndiye aliyefika na chifu kukusanya kodi ya nyumba, ndiye aliyekamata watu. Daktari alikuwa mtu wa hospitali ya serikali au ya misheni. Vyeo vyote viwili havikuwa vya mwanamke wa kijijini, wala hapakuwa na njia yoyote ambayo angevifikia. Wanawake wa Roho walivichukua vyote viwili kutoka katika lugha ya watawala, wakavitamka kwa ulimi wao, wakavivaa.

Aghalabu uchukuaji wa namna hiyo hufasiriwa kuwa ni kuiga. Fasiri hiyo ni nyepesi mno. Askari ana sifa moja ambayo mke, binti na mjane hawana: cheo chake hakitokani na mwanamume aliyemwoa au aliyemzaa. Askari hutumwa, naye huenda. Hulala njiani na wenzake. Husimama mlangoni pa watu asiowajua. Mwanamke aliyeziacha shughuli za nyumba yake akaenda kuhubiri mbali alihitaji jina ambalo lingeueleza mwendo huo bila ya kumvunjia heshima. Lugha ya ukoo haikuwa na jina hilo. Lugha ya jeshi ilikuwa nalo.

Kazi ya Hoehler-Fatton yastahili sifa kwa kuyahifadhi majina haya badala ya kuyatafsiri tu na kuyaacha. Panapo dosari, ni kwamba hayakupewa uzito wote unaoyastahili. Msomaji wa Kiingereza anayekutana na neno askeche huona neno geni la Dholuo. Haoni kirahisi kwamba ni neno la Kiswahili lililovuka kutoka pwani na kambi za serikali, likabeba historia yake yote hadi Musanda. Kuliona hilo ni kazi ya msomi wa Kiswahili.

Mpinzani anaweza kusema kuwa simulizi za wazee, zilizokusanywa miongo mingi baada ya matukio, haziaminiki kama hati. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini inakata pande zote mbili. Historia za viongozi nazo zilitungwa baada ya matukio, katika wakati ambao kila kundi lilitaka kuionyesha serikali na makundi mengine kwamba lina mwanzilishi mmoja anayejulikana. Kumbukumbu ya bibi kizee ina sababu ya kupotoka, na hati ya katibu wa kanisa inayo pia. Mhakiki hana ruhusa ya kuitilia shaka moja na kuiamini nyingine kwa sababu tu imepigwa chapa.

4. Legio: aliyeondoka na aliyebaki

Mfano wa pili pia una jeshi ndani yake. Legio ni neno la Kilatini lenye maana ya kikosi cha askari wa Roma. Chama cha walei wa Kikatoliki chenye jina hilo kilianzishwa Dublin mwaka 1921, kikapanga vikundi vyake kwa istilahi za jeshi la Kirumi. Aliyekileta Afrika ya Mashariki alikuwa mwanamke wa Ireland, Edel Quinn, aliyefika mwaka 1936 na kufariki Nairobi mwaka 1944 baada ya kuzunguka nchi nyingi za eneo hili. Ni katika chama cha namna hii kwamba mwanamke Mkatoliki asiye mtawa aliweza kuendesha mkutano, kuweka kumbukumbu, kuongoza sala na kutembelea wagonjwa kwa amri ya kikundi chake. Kanisa lilimfungia altare, lakini chumba hicho kilikuwa wazi.

Kanisa huru lililozuka Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilichukua jina lake kutoka katika chama hicho. Katika vitabu huhesabiwa kuwa la watu wawili, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Mwaka 1963, baada ya kufiwa na watoto wake wawili, alianza kuhubiri dhidi ya uchawi. Watu walimletea hirizi zao zikachomwa moto, naye akawabatiza. Kanisa Katoliki lilidai mafundisho ya muda mrefu na ndoa ya mke mmoja kabla ya ubatizo. Aoko hakudai hayo. Maelfu walimfuata.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Jambo alilolifanya Aoko kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni tokeo la huzuni: mama aliyefiwa akapatwa na maono. Fasiri hiyo haikosi ukweli, lakini inaficha hukumu ya kidini aliyoitoa. Kuukubali ubatizo wa mke wa mitala papo hapo ni kutoa jibu juu ya suala ambalo mabaraza ya maaskofu yalikuwa yameligombania kwa vizazi. Kusema kwamba uchawi upo na kwamba Mungu anaushinda, badala ya kusema kama wamisionari wengi kwamba ni ujinga wa kusahauliwa, ni kushika msimamo katika teolojia. Mwanamume akitoa majibu hayo mawili huitwa mwanateolojia wa kienyeji. Mwanamke akiyatoa, huelezwa habari za watoto wake.

Kanisa lilipojengeka, lilichagua muundo wa Roma: papa, makardinali, maaskofu, makasisi. Vyeo hivyo vyote vikawa vya wanaume. Wanawake walibakiwa na unabii, uponyaji, utoaji wa pepo na utawa, na kazi hizo si ndogo. Lakini Aoko, aliyekuwa amewabatiza watu kwa mikono yake, hakuwa na ngazi ya kusimama, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha alikuwa ameachana na uongozi wa Legio. Ondeto alibaki akiheshimiwa na waumini kama Masihi aliyerejea, hadi alipofariki mwaka 1991.

Legio halikukosa mwanamke mkuu. Katika imani yake yumo bibi mzee anayeitwa Mama Maria, aliyefariki mwaka 1966, ambaye waumini humwona kuwa Bikira Maria aliyejidhihirisha katika mwili wa Kiafrika, na kuwa mama wa kiroho wa Ondeto. Heshima yake ni kubwa. Ukiwaweka wanawake hawa wawili bega kwa bega, mpango unaonekana wazi. Mmoja alifanya kazi ya askari: alitembea, alihubiri, alibatiza, alitoa hukumu. Wa pili alikuwa Mama wa mwanamume aliye katikati. Kanisa lilimpoteza wa kwanza na kumtukuza wa pili. Haitoshi basi kusema kwamba Legio liliwadharau wanawake. Lililotokea ni kwamba lilichagua ni jina lipi la mwanamke liweze kukaa ndani yake.

Je, jina la tatu lingeleta mwisho mwingine? Mfano wa kulipima swali hili upo nje ya Kenya, katika wilaya ya Chinsali ya Zambia. Alice Mulenga, aliyekuwa mkatekumeni wa misheni ya Lubwa, alisema mwaka 1953 kwamba alikufa akarudishwa. Kanisa la Lumpa alilolianzisha lilimwita Lenshina, matamshi ya Kibemba ya neno la Kilatini lenye maana ya malkia. Jina hilo si la kazi ya kutumwa wala si la nyumbani. Ni la utawala. Mume wake, Petros Chitankwa, alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake, wala hakuna mwanamume aliyempokonya kanisa. Kilichomwondoa ni serikali, baada ya mapigano ya mwaka 1964 baina ya waumini wake na wafuasi wa chama cha UNIP, kisha majeshi, ambayo yaliua mamia ya watu. Alizuiliwa hadi mwaka 1975, akafariki mwaka 1978. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni. Hata hivyo unaonyesha kwamba kupungua kwa mamlaka ya mwanamke kutoka ndani si ajali isiyoepukika. Pale Lumpa hakukutokea.

5. Vitenzi vya kutendwa

Majina hayafanyi kazi peke yake. Husaidiwa na vitenzi. Mtu akizisoma habari za harakati hizi katika lugha yoyote, ataona mgawanyo ambao ukishauona hausahauliki. Mwanamume alianzisha, alikataa, alijitenga, alipanga. Mwanamke alipagawa, alijiwa na maono, alitumwa, alitumiwa. Mgawanyo huu una mashiko katika imani yenyewe, kwani mwenye unabii, awe mwanamume au mwanamke, husema kwamba si yeye asemaye. Ila mwandishi humpa mwanamume vitenzi vya kutenda hata hivyo, ilhali kwa mwanamke huyachukua maneno ya unyenyekevu kuwa maelezo kamili ya mambo yalivyotokea.

Habari za Alice Auma wa kaskazini mwa Uganda zinalifafanua jambo hili vizuri, na lugha yake, Kiacholi, ni jamaa ya karibu ya Dholuo. Jina alilojulikana nalo, Lakwena, maana yake ni mjumbe. Si jina lake; ni la roho iliyosemekana kumjia, roho ya mwanajeshi wa Kiitalia. Kwa jina la roho hiyo aliongoza jeshi tangu mwaka 1986 hadi liliposhindwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987. Alikimbilia Kenya, akafariki katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab mwaka 2007. Mwandishi wa Kiingereza anayesimulia maneno ya Lakwena lazima achague kiwakilishi: cha kike, kwa kuwa mdomo ni wa Alice, au cha kiume, kwa kuwa roho ni ya mwanamume. Akichagua cha kwanza amewakana waumini. Akichagua cha pili amemfuta mwanamke. Heike Behrend, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya harakati hiyo, alilazimika kupita katika mtego huo kama wenzake wote.

Kiswahili, kama Kiacholi na Dholuo, hakina mtego huo. Kiambishi a- hakiulizi jinsia. Mtu akisema Lakwena aliamuru, msikilizaji anabaki na wote wawili, mwanamke na roho, katika silabi moja, na kutoamua huko ndiko kulikokuwa nguvu ya kiongozi mwenyewe. Hapa lugha za eneo hili zina uwezo wa kisayansi ambao haujatumiwa ipasavyo. Lakini uwezo huo una hatari yake pia. Kwa kuwa a- haiulizi, ni rahisi kwa msomaji kumjaza mwanamume mahali pasipo na jina. Sentensi kama nabii alifika kijijini akabatiza watu mia moja haimtaji mwanamume, na bado wasomaji wengi humwona mwanamume. Lugha isiyo na jinsia katika sarufi haina budi kuiweka jinsia mahali pengine, na mahali penyewe ni katika majina ya heshima. Ndiyo sababu neno Mama lina uzito mkubwa hivi.

6. Mama na Baba

African Israel Church Nineveh lilianzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, alipotoka katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori. Ni mojawapo ya makanisa mawili waliyoyachunguza Welbourn na Ogot. Kivuli alifariki mwaka 1974. Aliyechukua uongozi ni mkewe, Rebecca Jumba Kivuli, ajulikanaye kama Mama Rebecca, naye aliliongoza kanisa hadi mwaka 1983, mjukuu wao John Mweresa Kivuli II alipokabidhiwa.

Mfano huu unamsumbua kila mwenye nadharia nyepesi. Max Weber alikwisha kusema kwamba dini za watu wanyonge humpa mwanamke usawa katika hatua ya kwanza, na kwamba ni nadra usawa huo kudumu baadaye. Wengi wameitumia kauli hiyo kana kwamba ni sheria ya maumbile. Lakini hapa mwanamke alipanda kwenye kiti cha juu kabisa miaka 32 baada ya kuanzishwa kwa kanisa, wakati ngazi zote zilikuwa zimekwisha kujengwa. Tena hakukaa tu. Ni mwaka 1975, katika uongozi wake, kanisa hili lilipokubaliwa kuwa mwanachama wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Hiyo si hatua ya mtu anayemshikia mtoto kiti.

Hata hivyo ndivyo kipindi chake kinavyoelezwa aghalabu: sentensi moja baina ya Kivuli wa kwanza na Kivuli wa pili. Jina lenyewe limeisaidia tafsiri hiyo. Mama Rebecca ni mjane wa mmoja na bibi wa mwingine. Hesabu ya nasaba inamruka kwa urahisi. Neno lililomfungulia mlango ndilo lililoufunga nyuma yake, kwani alipoondoka hakuacha cheo ambacho mwanamke asiye wa ukoo wa Kivuli angeweza kukidai.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii linajulikana, nalo halifai kupuuzwa. Inasemwa kwamba kumwona Mama kuwa jina la kumpunguza mwanamke ni kutazama kwa macho ya Ulaya. Katika jamii za Kiafrika Mama ni heshima iliyo juu. Mwanamke asiyezaa huitwa Mama, msichana anayeongoza huitwa Mama, na anayemwita hivyo amejiweka chini yake kama mtoto. Ni kweli. Lakini heshima ya neno haipimwi kwa neno peke yake, hupimwa kwa mwenzake. Mwenzake Mama ni Baba, na kipimo kipo katika matumizi ya kila siku ya makanisa yote, huru na ya misheni. Baba Askofu ni nani? Ni askofu. Mama Askofu ni nani? Kwa desturi ni mke wa askofu. Vivyo hivyo kwa Mama Mchungaji. Katika Baba Askofu maneno mawili yanamtaja mtu mmoja mwenye kazi. Katika Mama Askofu neno la kwanza linamtaja mwanamke na la pili linaitaja kazi ya mtu mwingine. Muundo wa nje ni mmoja, lakini uhusiano wa ndani si mmoja: wa kwanza ni wa utambulisho, wa pili ni wa umilikaji. Hapana askari aliyepata kuitwa hivyo. Askeche hakuwa mke wa askari.

7. Hitimisho

Jambo hili si la kumbukumbu za kale tu. Mwaka 2021 Kanisa la Anglikana la Kenya liliwaweka wakfu maaskofu wanawake wa kwanza: Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno, askofu wa Butere. Bondo imo katika Nyanza ile waliyoitembea askeche. Butere haiko mbali na Musanda, alikouawa shemasi wa kanisa hilohilo mwaka 1934, na walikotoka wanawake waliobeba ujumbe wake. Anayesema kwamba uongozi wa mwanamke katika dini umefika sehemu hizo juzi, kutoka ng'ambo, atakuwa anasema kweli kuhusu daraja ya uaskofu na kukosea kuhusu kila jambo jingine.

Tukio hilo limekiachia Kiswahili swali ambalo hakiwezi kulikwepa. Akiitwa Mama Askofu, mwanamke huyu ataeleweka, kwa mazoea, kuwa ni mke wa mtu. Mume wake naye hataitwa Baba Askofu kwa kuwa amemwoa askofu. Hapana hata mmoja atakayelifikiri hilo. Ama maana ya Mama Askofu itapanuka hadi ilingane na ya mwenzake, ama waumini watatafuta neno jingine. Watunga kamusi hawawezi kuamua jambo hilo, lakini wanaweza kuliandika kwa uaminifu linapotokea, na kuandika kando yake maneno yaliyotangulia.

Kwa maana hiyo kazi ya idara za lugha iko wazi. Orodha za wanawake wa makanisa huru zilizopo zimepangwa kwa majina ya waume, watoto na waanzilishi waliowafuata. Inatakiwa orodha nyingine, ya majina ya kazi: waliitwaje walipokuwa njiani, katika lugha gani, na nani alikuwa wa kwanza kuacha kuwaita hivyo. Waliobaki wa kuulizwa ni wazee sana. Kanisa linapompa mwanamke jina la Mama, mtafiti yampasa alipokee jina hilo kwa adabu, kisha aulize aliitwa nani kabla yake.